Kisima Kiliponyamaza

Siku hizi simu yangu hailii asubuhi. Kwa miaka mingi ilikuwa inalia kabla sijavaa viatu: kisima fulani kimeacha kusukuma maji, tangi fulani linamwagika, kipimo fulani kimeanza kusema mambo ya ajabu. Nilikuwa nikiilaani. Sasa naiweka juu ya meza ya jikoni na kuitazama nikikoroga uji, na mume wangu ananicheka.

"Mama Mutua, hiyo simu haitakuita," ananiambia. "Wamekupa keki. Wamemaliza."

Kweli walinipa keki, na kikombe chenye jina langu lililokosewa herufi moja. Sharon, anayeongoza idara yetu sasa, akaniomba niandike kitu kidogo kwa wenzetu wanaoingia kazini. Nadhani alitaka maneno ya kutia moyo, yenye picha yangu nikitabasamu. Pole, Sharon. Nimekaa na jambo moja kifuani, na nikianza kuandika halitakubali kuwa dogo. Vyeo sitavieleza. Cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe, na mshahara ni siri yangu na benki.

Nilianza kama fundi wa masanduku ya umeme, yale ya chuma yanayofungwa ukutani kwenye vibanda vya pampu, ambayo ukiyafungua unakutana na mjusi kabla ya kukutana na waya. Nilitoka Machakos na cheti, bisibisi mpya, na imani kwamba kila hitilafu imo ndani ya sanduku. Kampuni ilikuwa Kitengela, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vumbi la malori ya barabara ya Namanga liliingia hata ukifunga dirisha, na likitulia kidogo unapata harufu ya machinjioni. Wageni waliotoka Nairobi walikunja pua. Sisi tulishazoea, na leo nikipita pale napunguza mwendo makusudi ili niisikie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mmaasai, mzaliwa wa huku huku Kajiado. Jina lake silitaji. Kwao mtu akishazikwa jina lake huachwa lipumzike, na nimekaa nao vya kutosha kuona kwamba hata mimi Mkamba naweza kuishika heshima hiyo. Ofisini sote tulimwita Fundi, basi nitamwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya visima, kama watu wengi waliokulia upande huu. Chai alikunywa bila sukari. Mimi nikitia yangu alikuwa akiwaambia watu, "Mwacheni, bado anajifunza," na alisema hivyo mpaka siku aliyostaafu.

Siku yangu ya kwanza tulikwenda mbele ya Isinya, kwenye kisima ambacho pampu yake ilikuwa imekufa. Kina mama walikuwa wamekaa kivulini na punda zao na mitungi mitupu. Nilishuka garini na kisanduku cha vifaa mkononi, nikaelekea kibandani moja kwa moja. Nilipogeuka nikaona Fundi ameketi juu ya jiwe na mzee mmoja, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekuja kutembea.

Walikuwa wakipeana ilomon. Hizo ni habari, lakini si kama zile zetu za kuulizana hujambo na kupita. Anayetoa habari huanza mbali: wamelala wapi, watoto wakoje, nyasi zikoje, nani ameoa. Huanza na mazuri, hata kama nyumba inaungua. Hutaja alichokiona mwenyewe na alichoambiwa, na aliyemwambia, na huyo alikuwa ametokea wapi. Anayesikiliza haulizi, hasahihishi, hatoi ushauri. Anaitikia tu: "Ee." Anatulia. "Ee." Mpaka mwenzake amalize. Mimi nilisimama pale na spana yangu nikihesabu ndege. Nilikuwa na hakika kwamba nimeajiriwa na kampuni ya wavivu.

Mwishoni kabisa, baada ya mvua na harusi na mbuzi aliyezaa mapacha, ndipo mzee alipofika kwenye pampu. Nilipofungua sanduku nilikuta fyuzi imeungua, nikashangilia. Fundi akatikisa kichwa, akatoa garini ule utepe wake wa kupimia kina, wenye taa ndogo inayowaka ncha yake ikigusa maji. Tukauteremsha, ukateremka, ukateremka, na taa ikakataa kuwaka hadi nilipokuwa nimeanza kuogopa.

"Ungebadilisha fyuzi na kesho ingeungua tena," akaniambia tukirudi. "Mzee amesema pampu ilianza kulia vibaya tangu wachimbe kisima ingine pale chini. Maji imeshuka, enkanashe. Pampu inavuta hewa."

Enkanashe ni dada. Aliniita hivyo tangu siku ile.

"Lakini si angeanza na hiyo?"

"Hawezi kuanza na hiyo. Hiyo ni mbaya. Mbaya inakuja mwisho. Wewe ukimkatiza katikati, unaenda nyumbani na nusu."

Basi miaka yangu ya mwanzo ilikwenda hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Nilijifunza kupima waya bila kurushwa na umeme, na kurushwa bila kupiga kelele. Nilijifunza kwamba chumvi ya maji ya huku hula chuma kimya kimya, na kwamba mbuzi akiona paneli ya sola ameona mlima. Tulikula nyama choma sokoni Kajiado siku za mnada wa ng'ombe, Fundi akisalimiana na kila mtu mpaka nyama inapoa. Naona hata sasa mkono wake ukinisukumia sahani: "Kula, hawa watu bado wana habari nyingi."

Kisha kompyuta zikaja. Tuliweka vipimo vya kielektroniki kwenye matangi na pampu, kila kimoja na laini yake ya simu, vikawa vinatuma hali ya kisima ofisini Kitengela bila mtu kusafiri. Mfugaji naye angeweza kutuma jina la kisima kwa ujumbe wa simu na kujibiwa kama maji yapo. Anayeamua leo ng'ombe waelekee upande gani, wakati wa kiangazi, anaamua kama watarudi. Kwa hiyo ilikuwa kazi kubwa, nasi tulijua ni kubwa, na tulijivuna nayo kupita kiasi.

Programu aliiandika Kevin, kijana wa Ngong aliyekuwa akipiga kompyuta vidole kama anayekimbizwa. Alikuwa mwerevu na mpole, na alimpenda Fundi. Siku ya kwanza mfumo ulipoanguka, Kevin alianza kueleza tatizo liko wapi kabla hatujakaa. Fundi akamwambia anyamaze, akaagiza chai, akamgeukia msichana wa mapokezi, kwa kuwa ndiye aliyepigiwa simu na watu wenye hasira.

"Tupe habari," akamwambia. "Anza asubuhi."

Ndivyo ilivyozaliwa desturi yetu. Kila mfumo ulipokosea, tuliketi, na aliyeumizwa na kosa ndiye aliyesema, kuanzia mwanzo, alichoona na alichosikia. Sisi wengine tuliitikia. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "kwa sababu" mpaka msemaji amalize. Kevin alikiita kikao cha ee. "Leo kuna ee," angetangaza mlangoni, na tungejua kuna kitu kimevunjika. Sijawahi kufanya kazi mahali pengine ambapo watu walikimbilia kueleza kilichowaharibikia kama pale. Mtu alijua hatakatizwa.

Sasa nifike kwenye kisima cha Nooloirien, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike.

Mwanzoni kabisa, kisima kilipokosa mtandao, programu yetu ilimjibu mfugaji: "Haijulikani." Watu hawakupenda. Mtandao wa huku ulikuwa unazimika na kurudi kama mtoto anayechezea swichi, kwa hiyo jibu hilo lilitoka mara nyingi. Mtu mmoja sokoni Kajiado alimwambia Fundi mbele ya watu, "Mashine ya kuniambia haijui ni ya nini? Si niko na shemeji." Tukacheka, lakini watu wakaanza kuacha kuuliza. Tulikaa, sote, tukakubaliana: kisima kikinyamaza, programu irudie neno la mwisho kilichosema. Kilisema tangi limejaa saa chache zilizopita, si bado lina maji? Hakuna aliyepinga. Tulifanya hivyo kwa kuwahurumia watu, na hilo mliweke akilini, kwa sababu makosa makubwa niliyoyaona kazini hayakuletwa na watu wajinga wala wabaya.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Habari ilitufikia kupitia kwa dereva wa lori la ng'ombe aliyesimama dukani hapo chini kununua misumari: kuna mama amepoteza mifugo Nooloirien, na anasema simu yetu ndiyo iliyomwita huko. Kevin akafungua skrini. Nooloirien ilikuwa ya kijani. Tangi limejaa. Akasema, "Lakini iko sawa," kisha akatazama tena, na rangi ikamtoka usoni.

Tulikwenda sote watatu, Fundi, Kevin na mimi. Tulipitia kisimani kwanza. Sanduku la umeme lilikuwa limeungua likawa jeusi. Umeme ule ule uliokuwa ukiendesha pampu ndio uliokuwa ukilisha kipimo, kwa hiyo pampu ilipokufa, kipimo kilikufa nayo, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba tangi limejaa. Sisi tukawa tunalirudia neno hilo kwa kila aliyeuliza. Nilitoa bisibisi. Fundi akasema, "Bado."

Yule mama aliyepoteza mifugo, Mama Lekishon, tulimkuta kwake, ng'ambo ya mji wa Kajiado, ameketi mlangoni. Mume wake alikuwa amekwenda na kundi jingine kutafuta nyasi upande wa Namanga, na ng'ombe hawa walikuwa mikononi mwake. Alikuwa wa umri wangu. Alitutazama, akajua sisi ni nani, na bado akatuletea viti. Fundi akamsalimu, kisha akamwomba habari.

"Mimi niko mzima," akasema. "Watoto wako wazima. Mtoto wa dada yangu amezaa, msichana."

"Ee," akasema Fundi.

"Nilitoka hapa asubuhi na ng'ombe. Niliona njia mbili. Moja ni ya kisima. Ingine ni ya mto, mahali tunachimba mchanga, maji iko kidogo lakini iko. Hiyo nilijua kwa macho. Nikauliza simu. Simu ikasema Nooloirien maji iko, tangi imejaa. Nikachagua simu."

"Ee."

"Tulitembea. Jua lilikuwa kali. Ng'ombe wakasikia njia ya kisima wakaanza kukimbia, wanaijua. Tukafika. Birika ya kunywesha ng'ombe ilikuwa na vumbi. Nikafikiri labda simu iliniambia vibaya. Nikiwa nimesimama hapo, kwa birika, nikauliza simu tena. Ikasema maji iko."

Kevin alifungua mdomo. Fundi akamwekea mkono gotini.

"Ee," akasema Fundi.

"Niko na ng'ombe mmoja anaitwa Nado. Mwekundu. Baba yangu alinipa nikiolewa, nilikuja na yeye hapa. Wengine walilala kwa njia ya kurudi, hawakuamka. Nado hakufika njia. Alibaki kwa birika. Alikuwa analamba saruji." Akakunja shuka lake magotini. "Nilimvuta. Alikataa. Aliona watu wanaleta maji hapo siku zote, kwa nini leo wasilete. Nikamwacha, nikaenda na wale wanaweza kutembea."

Kisha Kevin, ambaye Kimaasai chake kilikuwa salamu tu, akasema: "Ee."

Nilikuwa nimesikia makosa mengi kabla ya siku ile. Ofisini kosa lilikuwa doa jekundu kwenye skrini, unalifanyia kazi linageuka kijani, unakwenda kula. Hili lilikuwa la kijani tangu mwanzo hadi mwisho. Nililia garini, silifichi. Kevin alikaa nyuma na kompyuta imefungwa mapajani. Tulipokaribia Isinya akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Kwani sisi tulitoa habari gani? Hatukusema nani aliona. Hatukusema ni ya lini."

"Hata shemeji yangu hutaja amelala wapi," akasema Fundi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kevin aliandika upya majibu yote. Kisima kilichonyamaza hakikusemewa tena. Ujumbe ukawa hivi: "Nooloirien: tangi lilikuwa nusu jana asubuhi. Tangu hapo kisima kimenyamaza. Hatujui kama maji yapo." Mimi nikazunguka nikiweka betri ndogo ya kipimo peke yake, mbali na umeme wa pampu, ili pampu ikifa kuwe na mtu wa kuitangaza. Kazi hiyo ilinipeleka kila pembe ya kaunti hii na kuniharibia mgongo, na ningeifanya tena kesho.

Kabla ya kuachilia ujumbe mpya kwa watu, Fundi alitupeleka tena kwa Mama Lekishon. Kevin akamwonyesha ujumbe kwenye simu. Aliusoma polepole, akausoma tena.

"Hii ni habari," akasema. "Ile ingine haikusema imelala wapi."

Siku hiyo Fundi alikuwa amekuja na mtamba kutoka kundi la nyumbani kwao, mwekundu, akamfungua kwenye gari na kumkabidhi bila hotuba. Kampuni haikuhusika. Kwao watu waliopeana mnyama huacha kuitana kwa majina, wakaitana kwa mnyama huyo, na kwa kuwa alikuwa ndama jike, tangu siku ile wawili hao waliitana Paashe. Nilikuwa nikisikia Fundi akimpigia simu kuuliza kama ujumbe umefika vizuri: "Paashe, kejaa ilomon?" Yaani, habari zikoje. Kisha kimya kirefu cha ofisi nzima kufanya kazi huku yeye akisema ee, ee, ee. Ningetoa nini kusikia sauti hiyo ndogo ikitoka kwenye kona ile tena. Sijui ningetoa nini. Karibu kila kitu.

Tulikosea mara nyingine nyingi. Kuna tangi lililojitangaza limejaa mwezi mzima kwa sababu nyigu walijenga juu ya kipimo. Kuna kisima kilichotuma kwamba kina joto la kuchemsha mayai. Tulikwenda tukakuta mlinzi ameanika soksi juu ya kipimo. Tuliketi, tukaitikia, tukarekebisha. Kevin akapata kazi ng'ambo, akatuaga akilia, na mara moja moja hunitumia ujumbe wenye neno moja tu, "Ilomon?", nami namwandikia mengi kuliko anavyotarajia.

Fundi alistaafu akarudi Matasia, kwenye kipande cha shamba la baba yake kilichobaki katikati ya ploti za watu. Nilikuwa nikimtembelea, nikishuka bodaboda kwenye lango lake, namkuta nje amekaa akitazama mapaa ya mabati yaliyomzunguka. "Hawa majirani hawajui kupeana habari," alinilalamikia. "Wanapita wanasema 'sasa', salamu imeisha." Alikuwa akinitaka nimweleze makosa ya wiki, yote, tangu asubuhi. Alikuwa na njaa nayo kama mtu mwingine anavyotaka mpira.

Na sisi ofisini tulikuwa tumeacha kuketi. Haikuamuliwa na mtu. Visima viliongezeka, watu wakaongezeka, wengine wakifanya kazi kutoka makwao. Kosa likitokea sasa, fomu inafunguka yenyewe kwenye skrini: chanzo, hatua, imefungwa. Inajazwa haraka na kwa unadhifu. Nimejaza nyingi. Hakuna sehemu ya Nado.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Sharon alinionyesha mfumo mpya. Ni mzuri, nasema kweli. Kisima kikinyamaza, programu inatazama historia yake, mvua, joto, matumizi, inakisia, kisha inamjibu mfugaji kwa neno moja la kijani au jekundu. Mara nyingi hukisia sawa.

"Na ule ujumbe wa kwamba kimenyamaza?" nikamuuliza.

"Tunautoa, Madam. Watu wanalalamika ni mrefu. Wanataka kitu simpo, maji iko ama haiko. Na sistimu inajua."

"Inajua ama inakisia?"

"Si ni karibu kitu kimoja?" akasema, akacheka kwa upole, akanikatia keki.

Sikubishana naye. Sharon ni mchapakazi, na anawahurumia watu kama tulivyowahurumia sisi. Hapo ndipo ninapoogopa. Mfumo unaachiliwa kabla ya kiangazi kijacho. Ninachowaomba, Sharon na wenzako, ni kidogo: kisieni mnavyotaka, lakini mwambieni mtu kwamba mnakisia, na kisima kilisema mara ya mwisho lini. Na kabla ya kuufuta ujumbe wa Kevin, nendeni mkamsomee Mama Lekishon huo mpya. Msibebe kompyuta kwanza. Kaeni kwenye viti atakavyowaletea.

Mimi nimetoka kwake juzi. Fundi alifariki wiki chache kabla sijastaafu, na niliona haifai Mama Lekishon apate habari hiyo kwa meseji. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mlangoni pale pale, kichwa kimekuwa cheupe, na nyuma ya boma kulikuwa na ng'ombe wekundu, uzao wa yule mtamba. Akaniletea kiti. Akaniomba habari, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nilikuwa mimi wa kutoa.

Nikaanza mbali. Nikamwambia mimi ni mzima, Baba Mutua ni mzima, Mutua amepata mtoto wa pili. "Ee," akasema. Nikamwambia kwetu mvua ilinyesha vizuri. "Ee." Nikamwambia nimestaafu, nimepewa kikombe. "Ee." Nikaenda polepole, nikapitia na mambo ambayo hayakuwa na maana, kwa sababu mwishoni mwa habari zangu kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukifikia. Nikakifikia.

"Paashe wako ametuacha," nikasema.

Alitazama ng'ombe.

"Uliona kwa macho, ama uliambiwa?"

"Niliona. Nilikuwa Matasia wakimzika."

"Ee," akasema, na akavuta shuka lake likamfunika nusu ya uso.

Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe walipoanza kusogea wenyewe kuelekea malishoni. Nilimwambia na lile jingine, kwamba ofisini wanabadilisha ujumbe. Alitoa simu yake ndogo, akaigeuza kiganjani, hakuiwasha.

"Na kisima ikinyamaza," akaniuliza, "nani ataniambia imenyamaza?"

Ningeweza kumpa neno zuri. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mbele ya kiti changu alikuwa amesimama ndama mwekundu, na nyuma ya mama huyu niliona kiti kingine, kitupu, alichokuwa amemtolea Fundi kwa mazoea.

"Sijui," nikamwambia.

Akanitazama sana, kama mtu anayepokea kitu kizima.

"Ee," akasema.